Kifungo Kilibadilishwa

Kabati letu la chumbani lina milango mitatu. Mmoja wa mama watoto, mmoja wa watoto, na nyuma ya ule wa tatu, ambao kwa haki ungekuwa wangu, wanakaa Waingereza. Yamo makabuti mawili ya sufu nzito, rangi ya buluu ya kijivu, koti moja la afisa lenye mifuko minne, na kofia ambayo nondo wameshaila upande mmoja. Nguo zangu mimi ziko kwenye begi, chini ya kitanda.

Mama watoto hana ugomvi na Uingereza. Ugomvi wake ni na marehemu. Yeye alikua akisikia mitumba ikiitwa "kafa Ulaya", na mpaka leo anaamini kila nguo iliyotoka kwenye belo ina mwenyewe aliyelala mahali fulani ardhini akiona baridi. Marehemu wa kawaida anamvumilia, maana huenda alijifia kitandani kwa uzee. Lakini wa jeshi la anga! "Huyu alianguka na ndege, Baba. Na wewe unamtundika ukuta mmoja na nguo zangu za kanisani." Nimemweleza mara nyingi kwamba kabuti zito namna ile halikuwa la kurushia ndege, lilikuwa la kusimamia gwaride na kungojea basi kwenye baridi, na kwamba aliyelivaa huenda alikuwa karani wa stoo, akastaafu salama, akafuga sungura. Hasikii. Umeme ukikatika usiku ananigeukia mimi.

Ugonjwa wenyewe niliurithi. Babu yangu mzaa baba aliishi Njombe, na Njombe mwezi wa Juni na Julai si mahali pa kukaa bila kabuti. La babu lilikuwa la buluu iliyopauka, linashuka hadi chini ya magoti, na kwake halikuwa nguo, lilikuwa cheti. Alikuwa akiingia nalo kilabu cha ulanzi, anaamkia, anakaa, anafungua kifungo cha juu, na hapo wenyeji wanajua vita vya Burma vimeanza. Keya, meli, mvua isiyokatika, matope ya bonde la Kabaw, Mjapani juu ya mti. Miaka ilivyokwenda Wajapani waliongezeka. Mwaka niliomaliza darasa la saba walikuwa wamefika kumi na mmoja, na babu amebakiwa na risasi mbili.

"Na kabuti hili," alikuwa akimalizia, "alinivisha Mzungu kwa mikono yake, kulekule, 1944."

Nilimwamini mpaka kidato cha tatu. Mwaka huo nilikuta kwenye maktaba ya shule kitabu cha Kiingereza kilichokosa jalada, kinachohusu beji na vifungo vya majeshi ya Uingereza. Likizo ya Juni nikapanda basi kwenda Njombe nikiwa msomi. Nikaomba Brasso kwa jirani, nikakisugua kifungo cha babu mpaka kikang'aa, nikakitazama.

Kwenye kifungo cha jeshi la anga kuna ndege aliyekunjua mabawa, na juu yake taji. Taji hilo ndilo kalenda yetu sisi wakusanyaji. Enzi za wafalme, mpaka George wa Sita aliyefariki Februari 1952, matao ya taji yalipanda yakakutana juu, duara safi kama kitumbua kilichoumuka vizuri. Elizabeth alipotawazwa 1953 likaja taji jingine, ambalo matao yake yamebonyea katikati, kama kitumbua kilekile baada ya mtoto kukijaribu kwa kidole. Huhitaji chuo kikuu. Kitumbua kizima, mfalme, kilichobonyea, malkia. (Siku hizi mambo yameharibika, kwa sababu mwaka 2022 Charles wa Tatu alirudia kitumbua kizima, na wauza vitu vya kale wasiomcha Mungu wamefurahi sana.)

Kitumbua cha babu kilikuwa kimebonyea.

Malkia wa 1953 hawezi kufunga kabuti la 1944. Isitoshe, Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, lilikuwa la miguu, na lile lilikuwa kabuti la watu wa ndege. Haya yote niliyasema palepale kilabuni, mbele ya wazee wenzake, kwa sauti ya mtu aliyepata A ya historia. Kimya. Babu akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema:

"Kifungo kilibadilishwa."

"Vyote, babu?"

"Vyote."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, utadhani kila mmoja alikuwepo siku fundi anashona, na mmoja akaniuliza kama shuleni siku hizi adabu haifundishwi. Mjapani wa kumi na mbili aliwasili jioni ileile.

Babu alipofariki kabuti lilikuja kwangu, kwa kuwa katika kugawana mali hakuna aliyelitaka. Na ukishaanza kutazama vifungo, huponi. Nikajifunza kwamba Jeshi la Anga la Kifalme lilizaliwa tarehe 1 Aprili 1918, Siku ya Wajinga, kwa kuoza kikosi cha ndege cha jeshi la nchi kavu na kile cha jeshi la majini, posa ambayo pande zote mbili ziliinunia. Wakashonewa sare ya buluu mpauko yenye nakshi za dhahabu, maafisa wenyewe wakaionea haya, na mwaka uliofuata ikaja hii ya buluu ya kijivu ambayo wanaivaa mpaka leo. Kuhusu kitambaa kile cha kwanza wakusanyaji wana hadithi wanayoipenda: kwamba kilifumwa kwa ajili ya wapanda farasi wa mfalme wa Urusi, mapinduzi ya 1917 yakamwondoa mteja, shehena ikalala ghalani mpaka Waingereza walipopata jeshi jipya la kulivisha. Kama ni kweli, basi jeshi la anga la Uingereza lilianza maisha kwa kuvaa mtumba. Mama watoto aliposikia hivyo alisema sasa ameelewa kwa nini makoti yao yanajua njia ya kuja kwenye soko la mitumba la Karume.

Halafu kuna yule ndege wa kwenye kifungo. Ni tai. Rasmi ni tai. Lakini wapo walioshikilia miaka nenda miaka rudi kwamba ni albatrosi, ndege wa bahari kuu, aliyehamia na wale wa jeshi la majini siku ya posa, na watu wazima wenye pensheni hununiana kwa jambo hilo. Sisi kwa Kiswahili tumejiongezea balaa letu: sare hiyo ina tai kwenye kifungo na tai shingoni. Niliwahi kumwachia elfu ishirini kijana wangu wa Karume anitafutie "chochote chenye tai". Alinisubiri kwa furaha na mfuko wa salfeti wenye tai sitini na tatu, zote za shingoni, moja ina picha ya Mickey Mouse.

Pale Karume wananijua. Belo likipasuliwa asubuhi, wenzangu wanagombania jinzi na mimi nachungulia ndani ya kola, nikitafuta herufi A na M zilizopigwa muhuri pamoja na taji. Ni alama ya Wizara ya Anga, na wizara hiyo ilifutwa 1964, kwa hiyo ukiiona alama ujue nguo ina umri wa kuamkiwa. Wauzaji wao wanadhani nasoma saizi. "Mzee wa A.M. amefika," anapiga kelele mmoja, na bei inaruka kutoka elfu nane kwenda elfu ishirini na tano kabla sijavua miwani.

Napekua na skafu. Wakati wa Vita vya Pili marubani wa Uingereza walipewa ramani zilizochapwa kwenye hariri, kwa sababu hariri haichakarishi ukijificha kichakani wala haichaniki ikilowa, na vita vilipokwisha zilizobaki ziliuzwa, akina mama wakazishonea blauzi. Hebu fikiri: kwenye lundo la skafu za elfu moja moja ilale Ujerumani nzima na mito yake! Mwaka juzi niliipata. Mistari ya rangi, majina madogomadogo ya kigeni, hariri kabisa. Nilitoa elfu tano bila kubishana ili muuzaji asishtuke, nikatoka sokoni mwendo wa mwizi. Nyumbani nikaitandaza mezani. Ilikuwa ramani ya treni za chini ya ardhi za London, zile wanazouziwa watalii. Binti yangu anaivaa.

Na sisi wa Dar es Salaam tuna sababu yetu ya ziada ya kupekua. Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapahapa mjini vita vilipoanza 1939, akashika njia kwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Alikuwa anakaribia mita mbili. Tiger Moth aliyojifunzia ilikuwa ndege isiyo na paa, na kichwa chake kilichomoza juu ya kioo, upepo ukamkaba pumzi. Najua hakuacha koti Karume. Hata hivyo nikiona mikono mirefu kupita kiasi huwa naomba tepu nipime.

Sare za nchi zetu wenyewe sizigusi. Sheria haina utani nazo, na historia pia. Nina rafiki Nairobi, amekulia Eastleigh, jirani na uwanja wa ndege ambao zamani ulikuwa kituo cha hawahawa Waingereza wangu. Nilimuuliza kama kwao kuna wanaokusanya vitu vya jeshi la anga. Akanikumbusha kwamba baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 jeshi lao la anga lilivunjwa likaundwa upya, likabeba jina la Jeshi la Anga la 82 kwa miaka. Kisha akasema, "Boss, mimi hukusanya stempu," akabadilisha mazungumzo.

Sasa nije kwenye koleo.

Katika Vita vya Pili hivyohivyo Waingereza walikuwa na idara, MI9, iliyofanya kazi ya kuwasaidia askari waliokamatwa au kuangukia upande wa adui watoroke. Moja ya hila zake ilikuwa kuficha dira ndani ya kifungo cha sare. Unakizungusha kama kifuniko cha chupa, kinafunguka, ndani unakuta sindano inakuonyesha kaskazini. Wajerumani walipong'amua, Waingereza waligeuza tu upande wa kufungulia, ili Mjerumani akijaribu kukifungua azidi kukikaza. Mtu akikusimulia jambo kama hilo, na wewe una kabuti kabatini lenye vitumbua vizima vinane, utalala?

Jumamosi moja ya Julai 2023 mama watoto alikuwa kwenye vikoba. Nikatandaza kabuti la Karume kitandani. Nikazungusha kifungo cha kwanza kushoto: kimya. Nikajiambia, bila shaka hiki ni cha baada ya Wajerumani kugundua. Nikazungusha kulia: kimya. Nikajiambia, kutu. Nikaleta koleo. Kifungo kikafunguka kwa mlio wa jino linalong'olewa, uso wa tai nimebaki nao mkononi na kitanzi cha nyuma kimebaki kwenye kabuti, na ndani yake hapakuwa na kitu ila hewa ya kiwanda cha watu, iliyofungiwa humo miaka themanini. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisema dira haiwezi kuwa kwenye kifungo cha kwanza, ndicho adui angeanza nacho. Nilipoacha, vifungo vitatu vilikuwa marehemu na vitano majeruhi.

Nikalipeleka kabuti kwa fundi cherehani wetu, anayekaa chini ya mwembe karibu na mashine ya kusaga. Nikamwomba aimarishe vile vitano na avibandike vitatu kwa namna atakavyoweza. Huyu fundi ni mwaminifu, tatizo lake ni jicho lisilovumilia kitu kisicholingana. Siku ya tatu akanikabidhi kabuti likiwa limepigwa pasi.

"Vile vilikuwa vimechoka, mzee. Nimekuwekea seti mpya. Pesa usinipe, wewe mteja wangu."

Vilikuwa vifungo vinane vya plastiki ya dhahabu. Kila kimoja kina nanga.

Nililishika lile kabuti nikakosa neno. Kazi ya tarehe 1 Aprili 1918, ya kuwatoa watu wa ndege kwenye mikono ya jeshi la majini, fundi alikuwa ameitangua kwa uzi wa mia tano. Wale wa albatrosi wangemwinua juujuu.

"Na vile vya zamani?"

Akanyoosha mdomo kuelekea kijiweni.

Pale kijiweni pana ubao wa drafti ambao haujawahi kulala. Kete ni vifuniko vya soda, vya rangi mbili. Kete ikifika mwisho na kuwa kingi, kwa kawaida hupandishiwa kifuniko kingine mgongoni. Siku ile hawakuwa wakipandisha vifuniko. Kingi zote zilikuwa zimevikwa vifungo vya Jeshi la Anga la Kifalme, na moja, mbele ya macho yangu, ilikuwa inakata ubao kutoka kona hadi kona ikila kete tatu kwa mkupuo. Nikainama kuwaeleza. Nilianzia kwenye taji la Mfalme George. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza, bila kuinua macho, akasema, "Unacheza au unatuzibia mwanga?"

Tukaelewana hivi: nikishinda mchezo, nachukua kifungo, nikishindwa, nanunua soda. Si vibaya niseme kwamba drafti siijui. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Nilicheza michezo kumi na mmoja, nikashinda mmoja, ule ambao mpinzani wangu alipigiwa simu na mkwewe akaondoka. Nilirudi nyumbani na kifungo kimoja cha thamani ya soda kumi, na kabuti la baharia.

Mwishoni mwa mwezi uliofuata, Agosti, JWTZ likatoa tangazo: raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe ndani ya siku saba. Tulikuwa sebuleni. Mama watoto akaongeza sauti ya televisheni, kisha akageuza shingo taratibu kuelekea chumbani, mlango wa tatu.

"Siku saba, Baba."

Nikamwambia zile si za JWTZ, ni za Uingereza, ni za buluu, zina umri wa babu. Akasema, "Askari akiingia humu ndani, wewe utamkalisha umweleze habari za vitumbua?" Asubuhi akaniamsha kwa neno moja: "Sita." Kesho yake: "Tano."

Siku ya nne nililifunga kabuti moja kwenye shuka, liwe sampuli, nikaenda kwa mjumbe wa shina kuomba ushauri. Katika wasiwasi wangu nililibeba lile la Karume.

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Ni kabuti, mjumbe. La jeshi la anga."

"La kwetu?"

"Hapana, la Uingereza."

"Kwa hiyo wewe ni askari wa Uingereza."

"Mimi ni mhasibu, mjumbe. Nakusanya tu."

Akalifungua shuka, akavaa miwani, akalikunjua kabuti mapajani kama mkunga anayepokea mtoto. Akapapasa kitambaa. Akachungulia mifukoni. Kidole gumba kikatua juu ya kifungo, kikakaa hapo.

"Umesema la anga."

"Ndiyo."

"Nanga hii, huko angani wanaitia wapi?"

Nikafungua mdomo nieleze. Nilikuwa na mengi: posa ya 1918, albatrosi, MI9, Wajerumani wanaokaza badala ya kulegeza, koleo, fundi, soda kumi. Yote yakaja kwa pamoja yakakwama kooni kama watu kwenye mlango wa daladala. Kilichotoka, kwa sauti niliyoifahamu tangu Njombe, kilikuwa hiki:

"Vifungo vilibadilishwa, mjumbe."

"Vyote?"

"Vyote."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda mrefu. Nadhani ndivyo nilivyomtazama babu. Kisha akasema kwa kadiri ya macho yake hii si sare ya jeshi lolote chini ya jua, hili ni koti la baridi, na kwa kuwa Ijumaa alikuwa na safari ya msibani Makambako na hakuwa na nguo nzito, kama nisingejali angelisafiria.

Alirudi baada ya wiki mbili. Akaniletea kabuti likiwa limekunjwa vizuri, linanuka moshi na ulanzi. Nikamuuliza kama lilimfaa.

"Sana! Wazee wa kule walinizunguka. Wanataka kujua nimelitoa wapi."

"Ukawaambia?"

Akatazama pembeni, akazungusha nanga ya kifungo cha juu kwa vidole viwili, kushoto, halafu kulia.

"Marehemu baba alikuwa baharia."

Baba yake mjumbe alikuwa mfugaji wa ng'ombe Kongwa. Nilikuwepo mazishini. Nikavuta kiti, nikamuuliza alipanda meli gani.